Nyumba Mpya Juu ya Bi Umulkheir

Langoni, Lamu
Jumamosi, 5 Julai 2025

Da Hadia,

Assalamu alaykum. Barua yako nahodha Jamaludin amenitia mkononi mwenyewe. Imelowa pembeni na inanuka papa, lakini nimeisoma yote, tena bila kumwomba mtu anisaidie. Usicheke. Kidato cha pili nilichokiachia njiani kinanitosha kusoma mwandiko wako uliopinda kama mkia wa mjusi.

Ati hutaki simu kwa sababu huko Ndau mtandao unashika gatini tu, na ukisema neno gati nzima inatega masikio. Sawa. Siri yako iko kwangu: wewe na shemeji Yunusi mmeuza boti na ng'ombe mhamie huku na watoto wanne, na mmeipenda ile nyumba mpya ya Bwana Muhdhar, aliyoijenga juu ya nyumba ya marehemu Mzee Bakr. Na kabla ya kutia saini mnataka mtu wenu, si mtu wa muuzaji, aingie aikague. Mkatazama kushoto, mkatazama kulia, mkaniona mimi. Mmefikiri vyema.

Basi jana nimekwenda. Nimevaa shati la Idi. Kwenye daka la mlangoni nikamkuta Wazir, dalali wa Bwana Muhdhar. Nikamwambia, "Mimi ndimi dalali wa mnunuzi." Akacheka hadi kofia ikamvuka.

"Dalali wa mnunuzi? Tangu lini? Mimi natosha pande zote mbili."

"Na mkigombania bei utagombana na nani, na kivuli chako?"

"Kijana, nyumba kuukuu ndiyo hukaguliwa. Hii rangi haijakauka, utakagua nini? Isitoshe shemeji yako alipokuja kuiona hukuwa naye. Asiyekuja siku ya kwanza mimi simtambui."

"Basi nitambue leo," nikamwambia, nikampita nikapanda ngazi. Yeye hakupanda. Magoti yake, ati. Mtu anauza nyumba ya ghorofa na hawezi ngazi! Nilimcheka mpaka juu.

Da, nyumba ni nyumba. Vyumba vitatu, vigae vinang'aa unajiona uso, mifereji ukiigusa inatema maji, madirisha ya vioo. Paa ni la zege, juu unaanika nguo huku unawatazama watu vichwani. Mimi sikudanganywa na vigae. Nilipima sakafu kwa njia yangu: nikaruka, miguu yote miwili, kila chumba mara tatu. Imara.

Chini sikuingia. Chini anakaa Bi Umulkheir, mjane wa Mzee Bakr, na yumo ndani ya eda. Mwanamume asiye maharimu wake haingii, wala haruhusiwi kumsemeza. Dini naijua. Chakula anapelekewa na mke wa Bwana Muhdhar, na mlango hufungwa.

Kitu kimoja kidogo. Nilipomaliza kuruka chumba cha tatu nilisikia ko, ko, ko, chini ya nyayo zangu. Nikangoja. Kimya. Labda punda alikuwa anajikuna ukutani.

Tia saini, Da. Watoto waanze kufunga mizigo.

Nduguyo,
Shuaib
Dalali Mkuu wa Mnunuzi, Lamu, Ndau na Viunga Vyake

*

Ndau
Jumatatu, 7 Julai 2025

Shuaib mdogo wangu,

Waalaykumu salaam. Nimekulea tangu mama alipofariki, kwa hivyo usinitie vyeo kwenye barua. Nakujua tangu ulipokuwa ukiogopa kuku.

Umenieleza kofia, kichwa hukukiona. Nyumba ninayoinunua haisimami ardhini, inasimama juu ya kuta za mtu mwingine. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimejengwa na babu yake Bakr kubeba boriti na paa jepesi. Muhdhar amezitwika zege na chuma. Zinasemaje? Hujaniambia. Zimenenepa, zimepasuka, zimeinama? Hujui. Umeona mlango umefungwa ukarudi.

Na huyo Wazir kwa nini hapandi? Magoti, unasema. Mimi nimemwona hapa Ndau akiruka kutoka botini mpaka gatini na mfuko wa mchele begani.

Muhdhar amemwambia Yunusi kuwa Ijumaa ya tarehe 18 ndiyo mwisho wa kungoja, yuko mtu wa bara anaitaka. Yunusi ameanza kulegea. Anasema nyumba mpya haina maradhi. Watoto wamekwisha kugawana vyumba, wanapigania dirisha. Mimi peke yangu ndiye ninayelala macho wazi, na wewe ndiye macho yangu huko.

Chukua ufunguo ukae humo siku mbili tatu, mchana na usiku. Sikiliza. Tazama milango. Watoto wangu wanne watalala juu ya sakafu hiyo. Wewe umeruka peke yako, nawe u mwembamba kama ufito.

Dadako,
Hadia

*

Langoni
Jumatano, 9 Julai 2025

Da Hadia,

Nimekaa. Ufunguo Wazir alinipa, akanitazama tu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Usiku hauna neno, nimelala kama mfalme. Ni mchana, Da. Mchana jua likishakaa juu ya lile paa, nyumba inaanza kusema. Taka! Kama mtu anavunja mfupa kwa meno. Unakaa kimya. Taka! Chumba kingine. Jana nilikuwa nala mkate wa mofa, nikaacha nusu, na wewe unanijua, mimi siachi mkate.

Mlango wa chumba cha kati, Ijumaa ile nilipokagua ulikuwa unafunga vizuri. Jana ukakwama. Leo haufungi kabisa, umebaki nje ya fremu kiasi cha kidole. Kwenye ukuta nyuma yake uko ufa, mwembamba kama unywele. Niliubandika kipande cha karatasi kwa mate nipime, asubuhi moja, jioni moja. Nisikutie hofu. Jioni haukuwa unywele.

Sasa sikia hili. Ko, ko, ko nimelisikia tena. Si punda. Linatoka chini ya sakafu, pale pale niliposimama. Nikitembea linanifuata. Nikasoma Ayatul Kursi, likanyamaza. Nikasema, ahaa, mimi na wewe! Nikaruka mara moja kumwonyesha mimi ni nani. Likajibu ko! ko! ko! ko! kwa hasira, mpaka nyayo zangu zikahisi. Nikakimbia mpaka barazani na kiatu kimoja.

Wazir akanikuta hapo nahema. Akaniinamia sikioni. "Ni jini la nyumba ya zamani," akasema. "Halijapenda kujengewa juu. Tusome hitima Ijumaa baada ya sala, huko huko juu, watu wajae. Litahama." Bwana Muhdhar anatoa mchele na mbuzi. Halafu Wazir akaongeza kwamba kila kitu kikipita kwa heri, na mimi nina fungu langu. Sikusema ndiyo. Sikusema la pia, Da, nakuambia ukweli, nilikuwa natafuta kiatu.

Basi hitima ni Ijumaa. Nimealika mwenyewe: msikiti mzima, vijana wa madrasa, wavuvi wa mtaa wa pili, wote wamekubali. Watajaa vyumba vyote vitatu. Wazir atakaa chini kupokea wageni, kwa sababu ya magoti.

Nitakapoandika tena jini litakuwa limekwisha hama. Nasema hivi lakini leo nalala msikitini.

Nduguyo,
Shuaib, Dalali

*

Ndau
Alhamisi, 10 Julai 2025

Shuaib,

Nimemwomba Jamaludin ang'oe nanga sasa hivi kwa ajili ya karatasi hii tu. Isome umesimama.

Hitima hiyo isisomwe juu. Hata mtu mmoja asipande. Soma tena mstari huu.

Jini halikunji fremu ya mlango. Nilikuwa mdogo kuliko Razan wangu nyumba ya kina babu ilipolala, kule Pate. Ilianza na mlango. Bibi alikuwa akiupiga teke kila asubuhi ufunge, watu wakicheka. Halafu vumbi likawa linaanguka kwenye uji. Halafu siku moja adhuhuri, jua kali, hakuna upepo, sikusikia kishindo hata. Nilisikia kama mtu mkubwa anashusha pumzi. Nilikuwa kisimani. Nilipogeuka, palikuwa na anga mahali pa nyumba.

Sasa fikiri kwa hicho kichwa cha kidato cha pili. Chini ya sakafu yako pana nini? Pana mtu! Jini halina hasira za kugonga mara nne ukiruka. Huyo ni mwanamke anayerukiwa kichwani.

Na nani alikuambia mwenye eda ni bubu? Eda inamzuia kutoka na kujipamba na kuposwa. Haimzuii kujibu salamu. Simama nje ya mlango wake, toa salamu, muulize. Huyo mama kafungiwa chini peke yake kwa sababu wanaume wazima kama wewe mnajua dini nusu.

Nenda. Na ukiwa hapo usikae chini ya paa zaidi ya unavyohitaji. Naogopa kukutuma, na sina mwingine.

Hadia

*

Langoni
Ijumaa, 11 Julai 2025, baada ya Alasiri

Da Hadia,

Barua yako ilinifikia asubuhi, sufuria ya pilau imekwisha kubandikwa uani kwa Bwana Muhdhar. Nilikwenda mpaka mlango wa chini, nikatazama huku na huku, nikagonga kama mwizi.

"Assalamu alaykum, Bi Umulkheir."

Sauti ikatoka karibu kabisa, kama alikuwa amekaa nyuma ya mlango siku zote ananingoja.

"Waalaykumu salaam. Ni wewe urukao yuu?"

"Ni mimi nirukaye juu. Mimi dalali wa mnunuzi."

"Mwanangu, wanitakani? Nimegonga hata mkono umefura. Ukiruka, mtanga wanishukia kitwani. Yana alfajiri jiwe limeanguka kwenye mto, mahali pa kitwa. Nalikuwa nimeinuka kutawadha."

Da, nilitaka kucheka nikashindwa. Kumbe jini langu ni bibi aliyepanda kitandani na mchi wa kutwangia, anaipiga dari inayommwagia mchanga, nimsikie. Nami nilimsomea Ayatul Kursi.

Nikamuuliza mbona hakusema na mtu. Akasema, "Niseme na nani? Mke wa Muhdhar huya, huweka sahani, hufunga. Wazir alinambia kwa mlangoni mnunuzi ayua yote. Ayua dari imeshuka, ameridhika, akishanunua ataitengeneza. Nikasema basi, watu wamekubaliana. Naliomba tu usiruke."

"Mnunuzi hajui kitu, Bi! Mnunuzi ni dadangu!"

Nikasikia komeo. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono, nikaona buibui tu na vidole. "Simama hapo kizingitini," akasema. "Usiingie. Tazama."

Nikatazama.

Mimi nimetembea mikokoni usiku na sikuogopa. Chumba kile kilikuwa kama mikoko. Boriti, Da. Boriti zimesimama kutoka sakafuni mpaka darini, huku na huku, nyingine zimepinda kama upinde, nyingine zimepasuliwa katikati na mzigo. Marehemu na mafundi wa Muhdhar walizisimamisha dari ilipoanza kushuka, kabla hajafa, na Muhdhar akaendelea kupaka rangi juu. Katikati ya boriti pana kitanda, na mkeka wa kusalia, na sahani ya chakula imefunikwa na kanga ili isiingie vumbi. Ukuta wa upande wa kichochoro umetoka tumbo. Na dari, nikainua macho kuitazama dari, nikaona ile zege yenyewe, na vyuma vyake vimetoka nje vyekundu kama mbavu za samaki. Juu ya hiyo ndiyo nilikuwa naruka. Nimevaa shati la Idi.

Wakati huo nikasikia watu wanatoka msikitini wanakuja.

Sikufikiri. Nilikimbia uani kwa Bwana Muhdhar, nikashika sikio moja la sufuria, nikamwambia kijana wa jikoni ashike la pili, tukaibeba mbio mpaka baraza ya msikiti, ikiwa inatoka moshi. Nikapiga kelele: "Hitima ni hapa! Pilau ni hapa!" Watu wa Langoni hawabishani na sufuria. Walishafika ngazini, wawili walishavua viatu, wakageuka wote. Imesomwa barazani. Hata mmoja hakupanda.

Wazir hakula. Aliniambia kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa watu, "Umejiharibia, kijana."

Mikono yangu imeungua, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Lakini Da, Bi Umulkheir hataki kutoka. Nimemwomba kupitia mlangoni mpaka nikalia. Anasema yumo ndani ya eda, na eda huisha pale ilipoanza, kwa mumewe. Anasema mwezi mmoja tu umebaki. Hapa ninapoandika yumo ndani, na jua lilikuwa kali leo.

Shuaib

*

Ndau
Jumamosi, 12 Julai 2025

Shuaib,

Nimekwenda kwa imamu wetu kabla ya jua kupanda, sikungoja hata chai. Amenijibu hapo hapo: nyumba ikihofiwa kuanguka, mwenye eda huhama, akamalizie mahali pa amani, na hakuna dhambi. Amesema dhambi ni kumwacha. Ameandika kwa mkono wake, barua yake nitakuja nayo.

Naja na boti ya kesho. Nitamtoa mimi, mwanamke kwa mwanamke, akakae kwangu. Usimwambie Wazir. Usimwambie mtu. Na wewe usisogee mlango ule mpaka nifike.

Yunusi nimemsomea barua yako. Akatoka nje, nikamwona amewashika watoto wote wanne kwa pamoja kama anawahesabu. Nyumba ya Muhdhar hatuinunui.

Hadia

*

Langoni
Ijumaa, 18 Julai 2025

Da Hadia,

Nasikia kutoka kwa Jamaludin kwamba Bi Umulkheir amefika salama na kwamba alitapika njia nzima na huku anaomba msamaha kwa kila mtu botini. Mpe salamu. Ufunguo wake alionipa mlipokuwa mkiondoka ninao, nimeuvaa shingoni.

Nilifikiri yamekwisha. Nililala siku tatu kama maiti.

Leo ndiyo ile Ijumaa ya tarehe 18, na yule mtu wa bara amekuja. Anaitwa Bwana Kirimi, ana duka la simiti na mabati kule Mokowe. Mtu mnene, mcheshi, ana mke mwenye mimba. Nilimngojea gatini, nikamwambia yote. Nikamwonyesha picha nilizopiga kwa simu kutoka kizingitini. Wazir alikuwa naye. Akacheka tena hadi kofia ikamvuka, kicheko kile kile.

"Bwana Kirimi, huyu ni dalali wa mteja aliyeshindwa kununua. Ana wivu. Picha za simu siku hizi hutengenezwa."

Kirimi akanipiga begani. "Kijana, mimi nauza simiti. Zege naijua. Na nyumba ni mpya."

"Basi fungua chini utazame!"

Na Wazir, Da, Wazir akamgeukia kwa heshima kubwa, amefumba macho nusu, akasema, "Chini yupo mjane, yumo ndani ya eda. Kwa desturi yetu mwanamume haingii wala hamsemezi." Kirimi akavua kofia kabisa. Akasema anaheshimu desturi za watu.

Mjane yuko kwako Ndau anakula samaki! Nilipiga kelele, watu wakanishika. Nimekwenda ofisi ya kaunti, wakaniambia mwenye kushughulikia majengo atakuja Jumatatu.

Sasa ni adhuhuri. Naandika nimeegemea ukuta wa jirani. Wamepanda, Kirimi na mkewe. Wazir yuko kwenye daka, magoti. Jua limeshakaa juu ya paa, nimesikia taka! moja tayari, hata kutoka huku nje. Na nasikia kitu kingine, nyayo. Du. Du. Du. Da Hadia, anaruka. Anapima sakafu kwa miguu miwili kama mimi.

Mimi nilikuwa na mtu wa kunigongea kutoka chini. Yeye hana. Pale chini sasa hakuna mtu.

Jamaludin anapita hapa na mzigo wake anakwenda gatini, nampa barua hii kama ilivyo. Mlango wa chini uko upande wa kichochoro, Wazir haoni kutoka pale alipokaa. Ule mchi nafikiri uko juu ya kitanda.

Nisamehe ile bakuli yako niliyoivunja na nikasema ni paka.

*

Ndau
Jumamosi, 19 Julai 2025

Shuaib,

Barua yako haina saini.

Nimemuuliza Jamaludin, anasema alipong'oa nanga alisikia kelele mjini, hakujua za nini. Ijumaa nzima sikuwa na barua hii. Nilikuwa nakuna nazi. Nilikuwa nakuna nazi na naimba.

Nimekwenda gatini nimekupigia mbele ya watu wote, sijali tena nani anasikia. Simu yako haipatikani. Yunusi anatafuta boti. Bi Umulkheir amekaa kwenye mkeka wake, hataki kula, anarudia neno moja, kwamba ile boriti ya karibu na mlango ndiyo mbovu, ile ya karibu na mlango.

Niandikie neno moja. Jina lako tu.

Hadia

*

Lamu
Jumapili, 20 Julai 2025

Da Hadia,

Shuaib. Shuaib. Shuaib. Nimekuandikia mara tatu, mbili ni akiba.

Simu yangu iko ndani ya nyumba ile, iliniponyoka. Nilitaka kuandika jana, mkono ukakataa kushika kalamu. Sasa umekubali kidogo.

Niliingia. Nataka ujue kwamba sikuwa shujaa. Nilisimama kizingitini nikageuka mara mbili kutaka kukimbia, na mara ya pili ndipo Kirimi aliporuka tena, nikaona mchanga unamwagika juu ya kile kitanda kama mtu anamimina unga. Nikaingia kwa mbavu baina ya boriti, sikutaka kugusa hata moja. Mchi ulikuwa pale. Nikapanda kitandani. Nikagonga. Ko, ko, ko.

Nyayo zikasimama. Nikasikia sauti ya Kirimi, "Ni nini hiyo?" Na Wazir kutoka nje anapiga kelele, "Ni mama huyo, anatwanga!"

Nikagonga tena. Na unajua Kirimi alifanya nini? Alifanya niliyofanya mimi. Akacheka, akaruka kunijibu.

Ile boriti ya karibu na mlango ikatoka mahali pake. Haikuanguka. Ilisogea kichwa tu, kiasi cha ngumi, na mlango ndio njia yangu ya kutokea. Da, dari ilishusha pumzi. Kama ulivyoniandikia. Nilisahau Ayatul Kursi. Nilisahau yote, nikapaza sauti niliyopewa na Mungu:

"Bwana Kirimi usiruke! Kuna mtu chini!"

"Wewe nani?"

"Mimi dalali wako!"

"Mimi sina dalali!"

"Ndiyo maana uko juu!"

Hapo nikasikia mkewe, sauti ndogo, anasema, "Kirimi, huo mlango wa ngazini ulikuwa unafunga tulipoingia, sasa haufungi." Halafu nyayo, pole pole, ukutani ukutani, mpaka ngazini. Alishuka akimshika mkewe kwa mikono miwili. Akaja kichochoroni, akachungulia kutoka nje, akaniona nimesimama juu ya kitanda cha mjane kati ya boriti na mchi mkononi. Mtu anayeuza simiti. Aliitazama ile dari, na uso wake wote ukashuka. Viatu vyake na vya mkewe viko juu mpaka leo, ametembea peku mpaka gatini.

Wazir sijamwona. Watu wanasema yuko Mombasa, amepona magoti. Wanaume wa msikitini wamefunga kamba kichochoro chote, jirani wamehamishwa. Bwana Muhdhar anapita akisema nyumba haina kitu, mbona imesimama? Na kweli imesimama, Da. Wako wanaonicheka. Adhuhuri ikifika wanaacha kucheka, wanasikiliza.

Kirimi amenipigia kwa simu ya Jamaludin. Iko nyumba mpya Mokowe anaitaka mkewe ajifungulie, anataka niende nikaikague, mimi, kwa jina langu. Nikamuuliza chini anakaa nani. Akasema hakuna, chini ni mchanga. Nikamwambia basi nitautazama mchanga. Na yenu pia nitatafuta, shemeji Yunusi asichoke. Mwambie Razan dirisha lake nitalipima kwa upole.

Mwambie Bi Umulkheir alikuwa na haki, ile ya karibu na mlango ndiyo mbovu. Na aniwie radhi kwa mchi wake. Wakati wa kutoka sikuwa na kingine, nikauchomeka baina ya kichwa cha boriti na dari, pale palipoachana, ili nipate nafasi ya kupita chini yake. Umekaa. Mpaka sasa umekaa, na mimi sirudi kuuchukua. Nitamnunulia mwingine.

Nimeiandika barua hii nje, uwanjani, katikati ya jua. Baraza ya msikiti iko wazi na kuna kivuli, lakini nataka juu yangu pasiwe na kitu.

Nduguyo,
Shuaib